KUTOKA MBARARA HADI NAKIVALE KATIKA GARI KUUKUU LA SPOTI

Mji wa Mbarara huamka kabla ya jua. Malori ya matoke yaendayo Kampala huwa yamekwisha kupakiwa, wauza maziwa wamekwisha kufunga madebe yao juu ya pikipiki, na ukungu ungali umelala juu ya Mto Rwizi. Mji huu umeona siku mbaya: katika vita vya mwaka 1979 majengo yake mengi yalibomolewa. Tarehe 1 Julai 2020 ulipandishwa kuwa jiji, na leo ndio njia panda ya Magharibi ya Uganda. Barabara moja huingia kutoka Masaka na Kampala, nyingine huelekea Kabale, nyingine hupita Bushenyi kwenda Kasese, na nyingine huteremka kusini, kupitia Isingiro, hadi Kikagati kwenye Mto Kagera na mpaka wa Tanzania.

Barabara hiyo ya kusini ndiyo humfikisha msafiri kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, nayo ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Yana watu zaidi ya 100,000, wengi wao kutoka Kongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mgeni anayetazamia kuona safu za mahema hustaajabu kukuta vijiji, mashamba ya mahindi na maharage, masoko, makanisa, misikiti, na gereji chini ya miti. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri nchini. Kwa hiyo fundi aliyeiacha gereji yake Bukavu au Bujumbura aweza kufungua nyingine Nakivale, akiwa na spana chache na jina jema.

Achukuliwe kwa mfano sajini wa polisi aliyepangiwa kituo huko makazini, ilhali mkewe na watoto wamebaki Mbarara kwa ajili ya shule. Kila Jumamosi hurudi nyumbani, na kila Jumatatu alfajiri huondoka ili awahi zamu. Gari lake ni Toyota Celica ya miaka ya 1970 aliyorithi kwa baba yake: milango miwili, kimo kifupi, kabureta, na umeme wa kizamani usio na kompyuta hata moja. Majirani katika kota humcheka. Lakini sajini ana hesabu yake. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, na kununua gari jipya zaidi ni kugusa karo ya watoto. Hatari yake haimo katika ukuukuu wa gari. Imo katika kununua kipuri kila mwezi kwa kubahatisha, hata mshahara ukaishia dukani na gari lisipone.

MAGARI HAYA SI WAGENI

Gari la spoti si mgeni katika barabara za Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miaka yake ya awali yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiendesha Datsun 240Z, gari la viti viwili lenye injini ya silinda sita. Alilingana alama na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana. Toyota Celica nayo ilishinda Safari miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Magari hayo ya mashindano yalifuatwa na mafundi njia nzima. Sajini hana kikosi kama hicho. Ana utaratibu tu, nao waweza kuandikwa kwa maneno machache: dalili kwanza, chanzo baadaye, kipuri mwisho.

ASUBUHI MBARARA: GARI HALIWAKI

Mbarara iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri zake ni za baridi. Betri dhaifu hujulikana saa hiyo. Gari lisipowaka, mwenye gari asikimbilie kulisukuma; kwanza awashe taa kubwa, kisha ajaribu stata huku akizitazama. Taa zikififia kabisa, shaka ni betri au vifungo vyake. Taa zikibaki na nuru yake na stata ikatoa mlio wa "tak" tu, shaka ni stata yenyewe au waya wake. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, betri na stata hazina kosa. Kinachotafutwa ni cheche au petroli.

Vifungo vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani huoshwa kwa maji ya moto, hukwanguliwa kwa msasa, hukazwa, kisha hupakwa grisi juu. Fundi akiwa na mita, betri iliyojaa na kupumzika husoma kiasi cha volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiunguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.4, isipofika hapo, ukaguliwe mkanda wa feni, kisha alteneta.

Katika magari ya zamani kuna adui mwingine aliyejificha, naye ni waya wa ethi, unaofunga injini na betri kwenye bodi. Bodi ikishika kutu, umeme hukosa njia ya kurudi. Hapo taa moja hufifia, nyingine huwaka ovyo, na stata hulegea, ingawa betri ni mpya. Betri nyingi zimenunuliwa bure kwa sababu ya kutu ya ukubwa wa kidole gumba.

MILIMA YA ISINGIRO: INJINI INAPOCHEMKA

Baada ya mji, lami hupanda na kushuka katikati ya mashamba ya ndizi ya Isingiro, mabonde kwa vilima, na malori mazito hupanda polepole mbele. Gari la spoti limekaa chini, pua yake ni nyembamba, na hewa ya kupoza injini hupungua linaponyemelea nyuma ya lori. Mshale wa joto huanza kupanda.

Katika kimo hiki maji ya wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hukaribia 95 tu. Kwa sababu hiyo kifuniko cha rejeta si kitu cha kudharau. Kazi yake ni kuyabana maji yasichemke mapema, na mpira wake ukichakaa maji hutoroka ingawa rejeta ni nzima. Dereva atakapoona mshale umepanda, asimame pembeni, azime injini, angoje. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto: mvuke wake huunguza uso na mikono. Injini ikipoa, achunguze kwa utaratibu huu: maji yamepungua au la, mipira imepasuka au la, mkanda wa feni umelegea au la, mapezi ya rejeta yamezibwa na majani na wadudu au la. Baada ya hayo ndipo ashuku themostati. Mapovu yakiendelea kutoka katika maji ya rejeta injini ikiwa inaunguruma, au oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, na safari yafaa ikomee hapo.

Wakati mwingine mshale haujapanda sana, lakini injini inakohoa na kuzima katika mpando. Huenda petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na joto la ekzosi. Kitambaa kibichi juu ya bomba hilo na pampu, na dakika chache za subira, hulirudisha gari barabarani. Dawa ya kudumu ni kulihamisha bomba mbali na joto.

BARABARA YA VUMBI: GARI LINAPOKATAKATA

Kutoka lami kwenda makazini, njia ni ya changarawe. Vilima huwa na nyasi na miti ya miiba, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku la chakula. Mtikisiko hulegeza nyaya, na vumbi huziba filta ya hewa. Injini yenye kiu ya hewa hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi.

Gari likianza kukatakata, plagi husema ukweli kuliko watu wengi. Hufunguliwa injini ikiwa imepoa, na kupangwa kwa mfuatano wa silinda zake. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi na kavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Na gari lenye kabureta lililopimwa kwa hewa ya pwani huwa hivyo linapopanda nyanda za juu, kwa kuwa hewa hapa ni nyepesi. Nyeusi yenye mafuta ni oili inayopenya. Nyeupe iliyoungua ni petroli haba au joto kupita kiasi, nayo isipuuzwe, kwani hutoboa pistoni.

Plagi zikiwa njema, hufuata distribyuta. Kifuniko chake hupanguswa, hutazamwa kama kina ufa mwembamba au unyevu, na pointi zake hukaguliwa kama zimeungua. Gari lenye kabureta mbili, kama Datsun 240Z, lina maradhi yake pekee: kabureta moja huvuta zaidi ya mwenzake, na injini hutetemeka ikiwa imesimama. Mafundi wa zamani hawakuhitaji chombo cha bei kubwa. Walichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, wakasikiliza mvumo wa kila moja, wakarekebisha hadi mivumo miwili ikalingana.

Magari ya spoti ya miaka ya 1990 yana kompyuta, lakini hata hayo hayakosi ulimi. Katika Toyota nyingi za wakati huo, kiboksi kidogo karibu na injini kina matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Yakiunganishwa kwa kipande cha waya na swichi ikafunguliwa bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi humweka kwa hesabu, na hesabu hiyo hutaja sehemu yenye hitilafu. Fundi anayetaka kubadilisha kompyuta kabla ya kuhesabu mimweko hiyo hajaanza kazi yake.

NAKIVALE: MASWALI KABLA YA SPANA

Gari la sajini lilikuwa na ugonjwa mmoja uliomkosesha usingizi. Lilizima njiani, baada ya kupita Isingiro, kana kwamba limekatwa pumzi. Likingoja robo saa, liliwaka tena. Mjini alikwisha kuuziwa koili, kisha kondensa, kisha pampu ya petroli. Fedha ya sare za watoto ilikwisha, na Jumatatu iliyofuata gari likazima palepale. Alichelewa zamu mara mbili, na mkuu wa kituo akaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Makazini kulikuwa na fundi aliyetoka Bukavu, mzee wa makamo, mwenye gereji ya turubai na benchi moja. Kwanza yeye na sajini ilibidi wapatane kwa maneno, maana Kiswahili cha Nakivale kina vyumba vingi. Fundi wa Kongo akisema buji, maana yake ni plagi. Mazutu ni dizeli, freni ni breki, na shofere ni dereva. Kwa sababu hiyo desturi njema imezoeleka hapo: sehemu huonyeshwa kwa kidole kabla ya fedha kutajwa.

Fundi hakufungua boneti. Aliketi, akauliza.

"Afande, gari huzima mahali gani?"

"Baada ya Isingiro, kwenye changarawe."

"Kila safari?"

"La, si kila safari."

"Basi nieleze siku ambazo halizimi."

Sajini alinyamaza. Mafundi wote wa mjini walimwuliza juu ya siku za ugonjwa. Hakuna aliyemwuliza juu ya siku za afya. Hapo akakumbuka daftari la mkewe. Mama huyo huandika kila senti iingiayo na itokayo nyumbani, na gari lina ukurasa wake: tarehe, kilomita, petroli, hitilafu. Akampigia simu.

"Mama watoto, hebu lifungue daftari la gari. Siku nilizofika salama, niliweka petroli kiasi gani?"

Kimya kidogo, kisha sauti yake: "Tarehe 3 ulijaza tangi, likazima. Tarehe 10 uliweka lita kumi tu, ukafika. Tarehe 17 ulijaza, likazima. Tarehe 24 lita kumi, ukafika. Kwani wewe hukuliona hilo, baba?"

Fundi akacheka, akasema, "Afande, mama amekwisha kulitengeneza gari. Mimi nimebakiwa na kufungua."

Chanzo kilikuwa hiki. Tangi la petroli huhitaji tundu la kuingiza hewa. Petroli inapotoka, hewa huchukua nafasi yake. Tundu likizibwa, tangi hujenga mvuto wa ndani, na pampu hushindwa kuivuta petroli. Tangi likiwa limejaa, nafasi ya hewa juu yake ni ndogo, na mvuto huo huja upesi. Likiwa nusu tupu, hukawia, na gari hufika kabla haujawa mkali. Gari likisimama robo saa, hewa hupenya kidogo kidogo, nalo huwaka. Fundi alisubiri sajini aliendeshe gari lenye tangi lililojaa hadi likazima, akafungua kifuniko cha petroli, na wote wawili wakasikia hewa ikiingia kwa mlio kama wa nyoka. Bomba dogo la kupumulia lilikuwa limezibwa na udongo wa nyigu. Lilizibuliwa kwa kipande cha waya na pumzi ya pampu ya baisikeli.

Hiyo ndiyo faida ya Nakivale kwa mwenye gari kuukuu. Duka la vipuri liko mbali, na nauli ya kwenda mjini ni kubwa. Fundi anayekisia vibaya hupoteza siku nzima na heshima yake. Kwa hiyo hulazimika kuthibitisha kabla ya kununua. Mjini duka liko ng'ambo ya barabara, na kukisia ni rahisi, kwa sababu fedha inayopotea ni ya mteja. Askari hafyatui risasi kabla ya kumwona adui. Basi naye asinunue kipuri kabla ya kuiona hitilafu.

KURUDI NYUMBANI: TAA, FYUZI NA BREKI

Jumamosi jioni sajini hurudi, na giza humkuta njiani. Taa zote zikififia polepole huku injini ikiunguruma, alteneta haijazi betri, na awali ya yote mkanda wake ukaguliwe. Taa ya upande mmoja ikififia peke yake, shaka ni ethi ya taa hiyo.

Fyuzi ikiungua mara moja, hubadilishwa kwa nyingine ya ampia zilezile. Ikiungua tena, ni mlinzi anayepiga kelele: mahali fulani waya umechubuka na kugusa bodi. Kuifunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au kwa waya mnene ni kumziba mlinzi mdomo, na magari mengi ya zamani yameteketea kwa kosa hilo. Taa ndogo yenye nyaya mbili yatosha kuutafuta waya wenye kosa, na mafundi wa redio na sola wa makazini wanaijua kazi hiyo vyema.

Jambo la mwisho halina mjadala. Gari lisilowaka humchelewesha mtu. Gari lisilosimama humwua. Kanyagio la breki likishuka hadi sakafuni, au likihitaji kukanyagwa mara mbili, kuna hewa au uvujaji. Gari likivutwa upande mmoja, breki ya gurudumu moja imekwama au imelowa mafuta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo hubadilishwa ingawa hayajapungua. Mipira ya kale nayo hubadilishwa ingawa haijapasuka. Dalili yoyote ya breki ikionekana, watoto wapande basi.

Sajini sasa huingia Mbarara taa za mji zikiwa zimewaka, na Celica yake ikinguruma kwa sauti moja. Koili, kondensa na pampu za zamani, ambazo hazikuwa na kosa lolote, zimefungwa katika gunia uvunguni mwa kitanda, ziwe akiba. Mkewe hutoka na daftari kabla ya kutoa chai. Huuliza kilomita, huuliza lita, huuliza kama kuna mlio mpya. Kisha huandika, hulifunga daftari, na kumwita mumewe ndani.